Siku Nilipopaka Chokaa, Mtaa Mzima Ukalia

Ni nani aliyelia wa kwanza? Nimewauliza majirani wote tangu mchana, mmoja mmoja, kama mpelelezi, na sijapata jibu linaloingia akilini. Nalitanguliza swali hilo kwa sababu ndilo pekee lililobaki wazi. Mengine yote ya leo yana jibu moja: kosa ni langu.

Marafiki, ninyi mlioko Kampala, Goma na Kisangani, na wewe uliyekwama Beni: leo nimeaibika kiasi kwamba nimekimbilia cyber nikiwa na chokaa masikioni. Mwenye jenereta hanitazami usoni, ananitazama nywele. Atafunga kabla ya giza, kwa hiyo naandika haraka. Nyumbani watu bado wanakula maharagwe ya kilio cha kaka yangu. Kaka yangu anakula nao.

Nianze mwanzo.

Mnajua chuo kimefungwa, eti mpaka hali itulie. Niko hapa Butembo kwa Mama, sina kitabu ambacho sijakisoma, na mnanijua: nikikosa cha kusoma, naanza kuhoji vitu. Wiki hii nilihoji ukuta. Ukuta wa sebule yetu ni mweusi kwa moshi wa koroboi, na unyevu umechora juu yake kitu kama ramani ya nchi isiyo na serikali (yetu, labda). Mama ana jibu moja kwa kila jambo: "Tutapaka vita ikiisha." Kiti kimelegea? Vita ikiisha. Pazia limechanika? Vita ikiisha. Nikamuuliza, "Mama, huu ukuta unapigana na nani?" Akanitazama, akabeba kapu lake, akaenda sokoni.

Kusema kweli, Mama alikuwa na jambo jingine moyoni. Kambale, kaka yangu mkubwa, anafanya kazi mpakani Kasindi. Anawasaidia wafanyabiashara kupitisha mizigo forodhani. Alipaswa kuwa nyumbani wiki iliyopita. Hakuja. Na njia ya Kasindi mnaijua: kuna siku malori yanarudi, na kuna siku inarudi habari tu. Pale kwenye phonie, kile kibanda cha redio ambako watu huulizia ndugu zao, hakuna aliyesikia lolote. Mama alianza tu kuacha sahani moja mezani kila jioni, imefunikwa. (Hata hilo nililihoji. Kimoyomoyo. Kwa sauti sikuthubutu.)

Basi leo asubuhi, Mama alipoondoka, nikaamua: nyumba itapendeza, vita iishe isiishe. Kambale akirudi akute sebule mpya. Na asiporudi... hapana, sikufika huko.

Mpango wangu naueleza msije mkasema nilikurupuka. Nilikuwa na ndoo ya chokaa, masalio ya ukarabati wa parokia. Ndani yake nikachanganya ile bluu tunayofulia mashati meupe, kidogo tu. Chini ya ukuta, mpaka kimo cha goti, udongo mwekundu, ili matope ya mvua yasionekane. Kikwembe, kile kitenge cha Mama kilichochakaa, kikatwe mapazia. Na chumbani kwangu nibandike kurasa za rangi kutoka magazeti ya zamani, kwa gundi ya unga wa muhogo.

Gundi ya muhogo hupikwa. Sufuria zetu ni ndogo. Nikavuka barabara kwenda kwa Mama Paluku.

Mama Paluku ni mjane, jirani yetu tangu sijazaliwa. Mwanawe wa pekee, Paluku, yuko Kampala kwenye biashara (ninyi wa huko, mkimwona mwambieni amkumbuke mama yake). Ana sufuria moja kubwa ambayo mtaa mzima huiazima kwa harusi na kwa matanga. Nilimkuta ameketi mlangoni, bakuli la maharagwe mapajani, lakini hachambui.

"Mama, niazime sufuria kubwa."

"Ya kupika nini?"

"Colle, gundi. Niko nataka kupamba nyumba."

Akaweka bakuli chini. "Kupamba. Leo?"

"Mais lakini leo iko na nini?"

"Hapana kitu," akasema. "Kamata."

Akanipa sufuria, kisha akanifuata mwenyewe kunisaidia kutoa vyombo nje. Sikumwomba. Nilifurahi tu kupata mikono.

Sasa hapa nifuateni taratibu, maana kila kitu nilichofanya kilikuwa na akili yake. Viti vyote tulivitoa uwanjani. Uwanja ni mdogo, kwa hiyo tukavipanga safu safu. (Akili.) Mkeka tukautandika chini ili magodoro yasichafuke. (Akili.) Katikati niliwasha moto mkubwa, nikateleka ile sufuria. Kichwani nilifunga kitambaa nisiingiwe na chokaa, na kiunoni nikajikaza kikwembe cha pili. Na picha ya Kambale, ile ya suti ya kuazima siku alipopata diploma, niliogopa itarukiwa na matone. Nikaitoa ukutani, nikaiweka nje juu ya meza ndogo, peke yake, karibu na mlango. Pembeni yake nikaweka kopo la maziwa lenye maua, maana kopo hilo nalo lilikuwa sehemu ya mapambo.

Viti safu safu. Moto mkubwa. Mwanamke amejifunga kitambaa. Picha ya kijana na maua kando.

Mnaona sasa? Mimi sikuona! Msomi mzima!

Mama Paluku aliketi kwenye kiti cha mbele, akautazama moto. Nikamwambia, "Pumzika, Mama," nikaingia ndani na brashi yangu.

Na hapo, marafiki, nisiwafiche, nilijisahau. Ukipaka chokaa, mwanzo huoni kitu. Ukuta unakuwa na rangi ya uji uliopoa, unajuta kwa nini ulianza. Kisha unakauka. Weupe unatoka ndani ya ukuta wenyewe, polepole, na ile bluu kidogo nyuma yake, kama anga la Masereka asubuhi ukungu unapoondoka. Nilisimama juu ya meza na brashi mkononi, mdomo wazi. Ile nchi isiyo na serikali ilikuwa imefutika. Nikaamua kupaka na juu pia, kwenye boriti.

Mdomo wazi, macho wazi, brashi juu. Mnajua kilichofuata. Tone kubwa la chokaa liliingia jicho la kulia. Nikapangusa kwa mkono. Mkono ulikuwa na chokaa. Ikaingia na jicho la kushoto.

Na sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo swali langu linapozaliwa. Naruka kutoka juu ya meza, naparamia mlango, na kabla sijafungua kinywa nasikia huko nje kuna mtu tayari analia. Kilio kile cha kweli, kirefu, kinachoanzia tumboni. Kisha ndipo mimi nikatoka, macho yamefumba, nikipiga kelele, "Mama yangu ee! Nakufa!"

Mikono ikanidaka. Nilimjua kwa harufu ya moshi wa kitambaa chake: Mama Paluku. Alinikumbatia kama mtu anayezama, machozi yake yakinitiririka shingoni.

"Mutoto wangu," alikuwa akisema. "Mutoto wangu ee. Mutoto wangu."

"Maji!" nikalia. "Mama, maji!"

Mtu akanimwagia maji usoni. Macho bado hayaoni. Lakini masikio yalikuwa mazima, na masikio yalianza kupokea. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka sokoni wametua makapu barabarani.

"Ni nani alikufa?"

"Ona picha."

"Eee, Mungu Nyamuhanga! Kambale!"

"Ile njia ya Kasindi. Inatumalizia batoto."

"Mama yake anajua?"

Kambale. Njia ya Kasindi. Mimi ninayehoji mpaka mahubiri ya padri, mimi niliyemfukuza mganga wa mitishamba kwa maswali matatu, sikuuliza swali hata moja. Watu wote hawa wanalia: basi phonie imesema. Mama Paluku ananiita mtoto wake: basi amekuja kunipa habari na nikamwachia kiti bila kuelewa. Mimi nilipata habari kutoka kwao. Wao walikuwa wameipata kutoka kwenye meza yangu.

Nikalia. Sitanii hapa. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikajitupa chini kama nilivyoona shangazi zangu wakijitupa, jambo nililokuwa nikilicheka na kuliita maigizo. Si maigizo. Ardhi inakuvuta. Nilikuwa nikiiona ile sahani iliyofunikwa.

(Ila nilijitupa ndani ya beseni la gundi. Gundi niliyokuwa nimeitoa ipoe. Nikabingiria, nikatoka humo, nikabingiria tena juu ya zile kurasa za magazeti nilizokuwa nimezitandaza kando yake. Endeleeni kusoma, mabaya zaidi yaja.)

Mtaa ukaja. Sijui niwaelezeje. Mnajua jinsi tunavyoishi sasa: mtu hufungua dirisha robo, husalimia huku amegeuka, kila nyumba na hofu yake. Nilidhani mtaa wetu umekwisha. Walikuja wote. Mmoja na kuni kichwani, mwingine na maharagwe, mwingine na ndizi. Bibi mmoja asiye na kitu alikuja na chumvi kwenye jani. Wanaume waliketi kwenye viti (vilikuwa tayari, safu safu, hata wakanisifu: "Huyu musichana amejipanga vizuri"). Wanawake walimwaga gundi iliyobaki, wakaisugua sufuria, wakateleka maharagwe.

Kisha uwanja wote ukanyamaza. Macho yangu yalikuwa yameanza kuona kwa ukungu, na katika ukungu huo nikaona buti. Askari. Kijana mrefu wa upande wa mbali wa nchi, mmoja wa wale wanaolinda kizuizi cha chini na ambao tunawakwepa kama mvua ya mawe. Alisimama langoni na bunduki. Watu wakatazama chini.

Akavua bereti.

"Mawa trop, ba mama," akasema. Huzuni imezidi. "Ni ndeko ya nani?"

Yaani ni ndugu wa nani. Mama Paluku ndiye aliyesimama. Akafuta kiti kwa ncha ya kikwembe chake, akamsogezea yule askari. (Nilishangaa katikati ya kilio changu. Askari wakipita, Mama Paluku huwa hafungi mlango tu, huweka na gogo nyuma yake.) Kijana akaketi, akalaza bunduki chini ya kiti kama mwavuli, na waimbaji wa kanisa walipoanza wimbo wa Kilingala akaingia nao kwa sauti nene, nzuri, nzuri mno kwa mtu wa kizuizi. Mama Paluku alikaa kando yake, akalia mpaka mwisho wa wimbo.

Ndipo mvua ikaja. Mvua yetu ya mchana, haibishi hodi. Watu wakakimbilia ndani.

Nilisahau kwamba wataingia ndani.

Sebule ilikuwa tupu na ilikuwa imekauka. Ilikuwa nyeupe yenye bluu kwa mbali, mwanga wa mvua ukiingia kupitia dirisha lisilo na pazia, na watu wote wale wakasimama ukuta kwa ukuta, wakiimba. Sauti katika chumba kitupu huongezeka. Nyumba yetu, niliyoishi humo maisha yangu yote, sikuwa nimewahi kuiona. Nilisimama nimeshikwa mikono pande mbili, kaka yangu amekufa, na nikawaza: ni nzuri. Mungu nisamehe, ni nzuri kweli. Na nadhani si mimi peke yangu, maana wimbo ulipotulia jirani mmoja aliyenishika mkono wa kushoto akaniinamia sikioni.

"Pole sana, mama. Jikaze."

"Aksanti."

"Mais hii bluu, uliitoa wapi?"

"Ni ile... ya kufua," nikasema kwa kwikwi. "Unatia kidogo tu... Yaya wangu, kaka yangu ee!"

"Kidogo ni kijiko?"

"Kijiko... eee yaya wangu!"

"Jikaze, mama, jikaze. Na chokaa ni ndoo nzima?"

Papa Président, kiongozi wa shirika letu la sala, akakohoa kuomba utulivu. Akasimama katikati, mabega yake yamepata chokaa, akaanza kumwelezea marehemu. "Kambale tulimujua wote. Kijana wa sala. Hakukosaka shirika hata siku moja." (Kambale hajakanyaga shirika tangu komunyo ya kwanza.) "Hakukunywaka." (Eee!) "Aliheshimu mama yake, alipenda dada yake, na kama angekuwa hapa leo..."

Mlangoni kitu kikaanguka kwa kishindo. Mfuko wa sukari.

Wote tukageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, analowa. Nyuma yake alisimama kijana, matope mpaka mapajani, na alikuwa amekwisha kuanza kulia.

"Kavira!" alikuwa akilia. "Kavira yangu! Dada yangu alikufa?"

Hiyo ilikuwa sauti ya marehemu.

Niwafafanulie hesabu yao, maana nayo ilikuwa na akili yake. Lori lilikuwa limezama matopeni siku nyingi, Kambale akaliacha, akaja kwa mguu na kwa pikipiki, akamkuta Mama sokoni, wakapanda wote wakicheka. Wakafika. Viti, moto, watu, nyimbo. Mama anaye mtoto wa kwanza mkononi. Amebaki nani nyumbani?

"Kavira iko wapi?" Mama akauliza, kwa sauti ndogo sana.

"Niko hapa," nikasema, nikajitokeza katikati ya watu.

Fikirini. Uso mweupe. Nyusi nyeupe. Macho mekundu kama pilipili. Mama alipiga ukelele nadhani wa Kasindi wakausikia. Akaketi chini kwenye maji. Wakati huohuo bibi wa chumvi akamtambua Kambale, akasema, "Muzimu!" akajificha nyuma ya askari. Askari akajificha nyuma ya Papa Président.

Kambale peke yake ndiye aliyebaki wima. Alitazama uwanjani. Akaiona meza ndogo. Akaenda, akaokota picha iliyolowa, akaitazama, akayatazama maua.

"Mais," akasema, "huyu ni mimi."

Kisha akanitazama, kwa muda mrefu, akanizunguka nyuma.

"Na wewe, dada. Juu ya nini uko na tangazo ya margarini kwa matako?"

Marafiki, nilikuwa nimeombolezewa na mtaa mzima, nimeshikwa mikono na akina mama, nimepita mbele ya Papa Président na waimbaji wote, na ukurasa mzima wa rangi, mama mnene anayetabasamu amepakaza margarini mkate, umebandikwa barabara pale. Gundi yangu ilikuwa bora kabisa. Hakuna aliyeniambia. Walidhani ni uchungu.

Aliyecheka kwanza ni askari. Baada yake sijui, paa lilitikisika. Watu walicheka wakishikilia kuta, na kila aliyeshika ukuta aliondoka na bluu. Papa Président alisubiri, akakohoa, akasema hotuba yake ibaki kama ilivyo, ila sasa iwe ya shukrani, na kwamba Kambale, kwa kuwa amesikia sifa zake, ajitahidi kuzifikia. Maharagwe yakaletwa. Hakuna aliyechukua chake kurudi nacho. Hata chumvi.

Mama alinyanyuliwa, akaoshwa uso, akaja kusimama mbele yangu. Nilingoja kofi.

"Nilikuambia tungoje vita iishe," akasema.

Kisha akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Akamtazama Kambale anavyokula. Akautazama ukuta tena. "Uliacha pale juu," akasema. "Kesho umalizie."

Mtu mmoja tu hakucheka: Mama Paluku. Aliendelea kulia, kimyakimya, sahani mapajani. "Mama Paluku, wacha sasa, ni muzima huyu!" wakamwambia. Akasema ni furaha. Alipokuwa akiondoka na sufuria yake alinishika mkono. "Wasingya, mutoto," akanishukuru. "Umenisaidia sana leo." Nikadhani ananidhihaki, na nilistahili.

Uchunguzi wangu, basi. Waliokuja wa kwanza wanasema walikisikia kilio wakiwa barabarani. Ni kilio chako, wananiambia. Lakini mimi nilipotoka kilio kilikuwapo! Nami nililia macho, si kaka. Nilimuuliza na Mama Paluku. Akasema hakumbuki.

Mwenye jenereta anazima taa. Nawaomba kitu kimoja: msimsimulie mtu yeyote wa Beni. Na kama mnapaka nyumba, fungeni macho, na picha za walio hai ziacheni ukutani.

*

Naongeza haya miaka mingi baada ya barua ile. Juzi nilikwenda kumpakia Mama Paluku sebule, chokaa na bluu kidogo, kama aliyoiona kwetu. Alikuwa ameketi kwenye kiti uwanjani, nami niko juu ya meza, nikamuuliza tena lile swali langu kwa mzaha. Safari hii alikumbuka. Paluku hakuwa Kampala. Alikuwa porini, pamoja na wale waliokuwa wakipigana na askari wa kizuizi. Asubuhi ile, kabla sijaja kuazima sufuria, mtu alikuwa amemletea habari kwamba wamemzika huko, na kwamba, askari wasije wakajua, asithubutu kuwasha moto wa matanga uwanjani kwake.